Msimcheke Staa Aliyesukuma Kigari: Wewe Oili ya Gia Umebadilisha Lini?

Leo sina umbea mtamu sana, nina maoni, na najua kuna watakaokasirika. Poa tu, sehemu ya komenti iko wazi kama kawaida.

Wengi wenu mmeiona ile klipu. Kaka mmoja wa mjini, jina namhifadhi kwa sababu kidonda bado kibichi, kanaswa na simu ya mpita njia akisukuma kigari chake cha zamani pembeni ya barabara, jua la saa saba mchana. Miwani ya jua usoni, cheni shingoni, raba nyeupe zinakula vumbi. Anayerekodi anacheka mpaka picha inatikisika. Kabla jua halijazama, klipu ilishaingia kila grupu la WhatsApp nililomo, hata lile la ukoo ambalo kazi yake ni michango ya misiba tu.

Na komenti sasa! "Kumbe ngoma zote zile anaendesha hako kadude." "Auze cheni anunue gari ya maana." Dada mmoja mwenye wafuasi kibao, naye namhifadhi, akaandika kwamba mwanaume akija kumchukua kwa mtoko na gari ya gia ya mkono, yeye anashuka palepale. Watu wakamwaga mioyo mekundu.

Nami nilicheka, sitawaongopea. Halafu nikairudia klipu nikiwa nimeongeza sauti. Mwanzoni kabisa, kabla jamaa hajashuka, unamsikia akijaribu kuingiza gia. Krrrrr. Anajaribu tena. Krrrrr. Kisha anakata tamaa na kufungua mlango. Kicheko kikaniishia. Ile sauti naijua. Niliisikia kwenye gari ya mama yangu, na aliyeisababisha ni mimi.

Siwezi kuapa gari ya yule kaka iliuawa na oili. Sikuwepo, na sijalala chini yake. Lakini najua tunachochekea sicho. Kigari cha zamani si aibu. Gia ya mkono si aibu. Aibu ni kuwa na kitu kinachokulisha halafu hujui chenyewe kinakula nini.

Gari ya mama na ubishoo wangu

Mama ana Toyota Starlet, zile za mwishomwisho kabla Toyota haijaacha kuzitengeneza mwaka 1999 na Vitz kuchukua nafasi yake. Gia tano, za mkono. Mama ni mpishi. Sambusa, chapati, vitumbua, anapeleka kwenye kantini za maofisi na kwenye shughuli za watu. Saa kumi na moja alfajiri hotpoti zinapangwa siti ya nyuma, saa moja kasoro ameshamaliza mzunguko. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye hiyo siti ya nyuma. Naomba mlielewe hilo kwanza.

Nilipomaliza chuo nikawa namsaidia kusambaza. Asubuhi kazi, jioni gari inabaki na mimi. Basi mtoto wa mjini nikaona gari imekaa kishamba. Nikaweka muziki wa sh 380,000. Nikatafuta rimu za mtumba sh 320,000. Tinti. Stika kwenye kioo cha nyuma. Nikapiga picha nimeegemea boneti, posti ikapata watu, nikajiona.

Oili ya injini nilikuwa nabadilisha, kwa sababu gereji walinibandikia karatasi kwenye kioo yenye kilomita za kurudi. Mara mbili nililipia kitu walichokiita "sevisi kamili". Gereji siitaji, wao na Mungu wao. Kwenye ile risiti kulikuwa na oili ya injini, filta, plagi, na "kucheki gari yote". Oili ya gia haikuguswa, na mimi sikuuliza, kwa sababu sikujua kama kuna kitu cha kuuliza.

Dalili zilikuja taratibu. Asubuhi gia namba mbili ilikuwa nzito, naisukuma kwa nguvu inaingia. Nikasema gari ni mzee. Baadaye ikawa ukitoka namba tatu kurudi mbili inakwaruza kidogo. Nikaongeza sauti ya muziki. Sitanii wadau, nilikuwa na spika mbili mpya na nilizitumia kutokusikia giaboksi inavyolia.

Jumamosi moja mama alikuwa na oda ya harusi, sambusa 600 na chapati 300. Alikuwa hajalala. Tukapakia, nikaondoka, na njia panda ya pili gari ikalia krrrrr na haikuingia gia yoyote tena. Nimesimama katikati ya njia, nyuma honi, siti ya nyuma sambusa zinatoa mvuke. Tulikodi bajaji tatu. Chakula kilifika kimechelewa saa moja na nusu, mwenye shughuli akakata sehemu ya malipo, na yule mama hajampa mama yangu oda tena mpaka leo.

Mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu ndiye aliyeifungua. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia, macho kwenye bolti. Alipoifungua ile ya chini, nikategemea oili itashuka kama maji ya bomba. Kilichoshuka hakijai kikombe cha kahawa. Cheusi, kizito, kinang'aa kama kimewekwa glita za meikapu. Mzee akachovya kidole, akanionyesha. "Kijana wangu, hizi siyo glita. Hizi ni gia zako."

Sili moja ya ekseli ilikuwa inavuja kidogokidogo, labda kwa mwaka mzima. Hakuna aliyechungulia. Giaboksi ya mtumba nilipewa kwa sh 450,000, ufundi sh 120,000. Oili ambayo ingeiokoa, ukijumlisha na washa zake, haifiki sh 50,000.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, gari uliilisha muziki, ukainyima chakula." Akaingia jikoni. Bora angenipiga.

Kwa nini hii oili inasahaulika

Baada ya pale nikaanza kuuliza watu. Nikauliza washkaji kumi na moja wenye vigari vya gia ya mkono, kuanzia Starlet, Corolla, mpaka Suzuki Alto: oili ya gia umebadilisha lini? Wawili walikuwa na jibu. Mmoja akaniuliza kama nayo huwa inabadilishwa.

Siwalaumu sana, maana mambo yenyewe yamejificha. Injini ina taa ya oili kwenye dashibodi, ina kijiti cha kupimia, ina ile karatasi ya kioo. Giaboksi ya hivi vigari vyetu kwa kawaida haina taa wala kijiti. Haina hata filta. Oili ya injini inachujwa kila inapozunguka, lakini oili ya gia inabaki na uchafu wake mlemle. Kila unapobadilisha gia, vile viringi vya shaba vinavyosawazisha mwendo ili gia iingie bila kelele vinasuguana na kulika kidogo. Huo unga wa chuma na shaba hauna pa kwenda. Kuna sumaku inayonasa sehemu ya chuma, ila shaba sumaku haiishiki. Mwingine wote unazunguka na gia zako, kila siku, kwenye kila foleni.

Joto nalo linachosha oili. Ile nguvu yake ya kung'ang'ania kwenye meno ya gia inapungua mwaka hadi mwaka.

Halafu kuna maji, na hapa watu wa Dar tusikilizane. Juu ya giaboksi kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Giaboksi ikiwa ya moto halafu ukaizamisha ghafla kwenye maji, hewa ya ndani inapoa, inasinyaa, na inavuta. Inavuta nini? Maji yaliyoizunguka. Sasa wewe uliyekatiza Jangwani wakati wa masika, maji yamefika mlangoni, ukarekodi na video ya "gari yangu ni manowari", nenda kafungue uangalie. Oili ikiwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa, manowari imekunywa. Hapo husubiri kilomita wala mwaka, unamwaga leo.

Swali la kilomita ngapi: vitabu vingi vya hivi vigari vinataja kati ya km 40,000 na km 80,000, kutegemea gari na mazingira. Foleni, vumbi na mizigo vinakusogeza kwenye namba ndogo. Ila ngoja nikuulize kitu. Gari yako ilitoka Japani ikiwa imeshatumika, ikapita kwa mmiliki wa kwanza hapa, wa pili, ndo ikaja kwako. Nani kati yao alikukabidhi daftari la oili ya gia? Kama hakuna, hesabu haijawahi kubadilishwa. Anza upya, andika tarehe na kilomita, maisha yaendelee.

Kazi yenyewe ni ya saa moja

Gari ya mama sasa naibadilishia mwenyewe. Sijawa fundi. Yule mzee alinisimamia mara ya kwanza, ya pili nikafanya yeye akinywa kahawa pembeni. Nawaeleza ili hata ukipeleka gereji ujue unachokilipia.

Kwanza tembeza gari dakika kumi hivi. Oili ya vuguvugu inashuka vizuri na inabeba uchafu wake. Isiwe ya kuunguza.

Pili, gari ikae sawa, mbele na nyuma kimo kimoja. Ukiinua mbele peke yake utapima kimo cha uongo. Na nakuomba kwa jina la mama yako, usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki pekee. Weka stendi imara au tumia shimo la gereji. Jeki inateleza, na hakuna oili yenye thamani ya kifua chako.

Tatu, na hii ndiyo kanuni ya dhahabu aliyonipa mzee: fungua bolti ya juu ya kujazia KWANZA, kabla hujagusa ya chini. Kuna watu wamemwaga oili yote, wakaja kugundua bolti ya kujazia imeshika kutu haifunguki. Gari imebaki tupu, na usiku umeingia. Kwenye Starlet ya mama zote mbili ni spana namba 24. Zisugue kwanza kwa brashi ili mchanga usiingie ndani.

Nne, weka beseni, fungua ya chini, acha ishuke mpaka matone yaishe. Usiwe na haraka. Wakati inashuka, soma. Rangi nyeusi au ya kijivu, hiyo imechoka tu. Rangi ya maziwa, maji yameingia. Kwenye sumaku ya bolti ukikuta uji laini mweusi, usiogope, huo ni uzee wa kawaida, ufute. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, au kipande chenye umbo la jino, hapo acha kujifanya fundi. Muite fundi.

Tano, rudisha bolti ya chini na washa mpya. Kile kipete kidogo ndicho kinachozuia kuvuja, na bei yake haifiki ya soda mbili. Kaza vizuri, usikaze kama unamkomoa mtu. Kasha la giaboksi ni aluminiamu, ukizidisha nguvu nyuzi zinakatika na hapo umejitafutia kazi nyingine.

Sita, jaza. Tundu liko pembeni, chupa haiingii, ndo maana wengi wanakata tamaa. Tafuta mpira mrefu na faneli, pitisha kutokea juu kwenye injini, mwingine anamimina taratibu wewe uko chini unaangalia. Gari ya mama inakula karibu lita 2. Ikianza kuchuruzika kwenye tundu, imetosha, acha ziada imwagike, funga. Usiongeze "kidogo cha akiba". Oili ikizidi inatafuta pa kutokea, na itatokea kwenye sili.

Endesha, rudi, chungulia kama kuna tone. Umemaliza.

Oili chafu weka kwenye dumu, ipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia. Kuimwaga kwenye mtaro wa mtaani ni kumtumia jirani matatizo yako. Mvua ikija inarudi kwenu.

Usinunue jina, soma chupa

Dukani utaulizwa unataka ipi, na hapa wengi tunajibu "ile nzuri". Hakuna ile nzuri, kuna ile ya gari yako. Angalia kitabu cha gari. Starlet na Corolla nyingi za enzi hizo zinatumia 75W-90, na kwenye chupa utaona pia GL-4 au GL-5. Hizo si viwango vya ubora kwamba tano ni bora kuliko nne. GL-5 imewekewa dawa kali zaidi ya kulinda gia zinazobeba mgandamizo mkubwa, kama za difu. Baadhi ya dawa hizo haziwapendi wale viringi wa shaba, na nyingine zinafanya oili iwe na utelezi mwingi kiasi kwamba gia inagoma kuingia vizuri. Kitabu kikisema GL-4 pekee, weka GL-4. Kikiruhusu zote mbili, amani.

Na usidhani gari zote ndogo zinafanana. Vitabu vya baadhi ya Honda za zamani za gia ya mkono vinaruhusu oili ya injini humo ndani. Kuna nyingine zinatumia oili ileile ya otomatiki. Kwa hiyo "fundi wa rafiki yangu aliweka hii" si kitabu. Na wewe wa otomatiki, haya yote niliyoandika usiyapeleke kwako. Yako ina oili yake na taratibu zake.

Najua mtakachoniambia

Wa kwanza atasema, hiyo ni kazi ya fundi, mimi siwezi kuchafuka. Sawa kabisa. Sijasema kila mtu alale chini ya gari. Nimesema kila mtu aulize. Sentensi moja tu: "Fundi, oili ya gia mara ya mwisho lini, na naomba niione inavyotoka." Simama pale uione. Mafundi waaminifu ni wengi na swali hilo halitawakera, mzee wangu yeye alifurahi kwamba hatimaye nimeuliza. Atakayekasirika amekujibu tayari.

Wa pili atasema, gari yenyewe kuukuu, ya nini kuipa sh 50,000? Ndugu yangu, gari mpya ina garantii. Kuukuu ina wewe tu. Na hiyo kuukuu ndiyo inayokupeleka kazini, inayompeleka mtoto kliniki, inayobeba mzigo wa duka. Ikisimama, hakuna kampuni itakayokuletea nyingine. Giaboksi za vigari hivi zilitengenezwa ngumu, na zikilishwa zinatembea miaka. Ya mama ingekuwa inatembea na giaboksi yake ya kiwandani mpaka leo.

Wa tatu ni yule mjuaji: "Oili ya gia ni ya maisha, haibadilishwi." Maisha ya nani? Kuna magari yaliyouzwa kwa maneno hayo, lakini maisha anayoyahesabu muuzaji na maisha ya gari ikifika kwetu ni vitu viwili. Sisi tunaipokea pale wenzetu walipoichoka, ndo tunaanza kuhesabu.

Wa nne atasema nimeweka oili mpya na bado inakwaruza. Nisikudanganye, oili haifufui kilichokufa. Viringi vikishalika, vimelika. Na si kila mkwaruzo ni giaboksi. Fanya hivi: gari imesimama, injini inawaka, kanyaga klachi mpaka mwisho, subiri sekunde kama tano, ingiza rivasi. Ikikwaruza hata hapo, anza kuishuku klachi, huenda haikati sawasawa. Na kama ukiwa friii unasikia mlio wa kuzomea, ukikanyaga klachi unapotea, kuna beringi inakuaga. Wahi mapema.

Halafu kuna dada zangu. Rafiki yangu mmoja wa meikapu, bibi harusi wengi wa mjini nyuso zao zimepita mikononi mwake, ana kigari cha gia ya mkono na alijifundisha kujibadilishia oili baada ya kuuziwa giaboksi ambayo haikuhitajika. Aliposti picha yuko na spana, kucha zake ndefu vilevile. Komenti zikawa "hana mwanaume huyo", "mume gani atamuoa ananuka oili". Wanaume walioandika vile, naweka dau, nusu yao hawajui bolti ya kujazia iko upande gani. Yeye kila Jumamosi anafika kwa bibi harusi kwa wakati. Mimi mwanaume na stika zangu nilichelewesha harusi ya watu.

Tuseme ukweli

Mtandao umetufundisha kuhudumia kile kinachopigwa picha. Rimu inapigwa picha. Tinti inapigwa picha. Oili ya gia hakuna atakayeipenda, hakuna atakayeiona, na dashibodi haitakukumbusha. Kwa hiyo tunakuta kijana ana muziki unaotikisa mtaa kwenye gari ambayo giaboksi yake imekauka. Simcheki, nilikuwa huyo. Na yule kaka wa kwenye klipu, kama aliweza kutuficha anachoendesha kwa sababu aliogopa hizi komenti, basi na sisi tuna mkono wetu kwenye ile aibu. Mtu anayechekwa kwa kuwa na kigari ataficha kigari. Akikificha, hatamuuliza mtu ushauri. Asipouliza, kitamfia njiani, na tutapata klipu nyingine ya kucheka.

Nilimtumia ujumbe yule kaka, kimyakimya. Sikumwambia nitaandika, na sitasema alichojibu, ila alijibu. Nikampa namba ya mzee wangu.

Starlet ya mama bado inatembea. Muziki niliuza, hela ikaingia kwenye deni la giaboksi. Stika nimeibandua, gundi yake bado ipo kwenye kioo, kila mama akiangalia nyuma anaiona. Kwenye mfuniko wa boksi la dashibodi kuna karatasi imeandikwa kwa kalamu tarehe na kilomita za oili ya gia ya mwisho. Mwandiko wa mama huo, si wangu. Siku hizi anakagua mwenyewe.

Haya wadau, zamu yenu. Usiniambie unaendesha gari gani, hilo halinihusu. Niambie hapo chini: oili ya gia umebadilisha lini? Na kama hujui, sema hujui. Hakuna atakayekucheka, na atakayecheka namfuta.